Likizo Bila Kufunga Mizigo: Kupumzika Nyumbani na Mwili Usilegee

Likizo ya nyumbani huharibika siku ya pili. Siku ya kwanza mtu hulala mpaka jua liwe juu, hula bila haraka na kujiona ana muda wote duniani. Siku ya pili anafungua kabati atoe kitu kimoja, anaona lote linataka kupangwa. Anatazama simu mara moja tu, anakuta mwenzake wa kazini ameuliza jambo dogo. Ikifika jioni amefanya kazi kidogo, amefua kidogo, amekodolea skrini sana, na kupumzika hakupumzika. Wiki ya namna hiyo ikiisha anarudi kazini amechoka vilevile, na nguo za kazi zimeanza kumbana.

Nyumba haina kosa hapo. Safari humpa mtu mipaka bila yeye kuiomba: ofisi iko mbali, kabati halionekani, kufagia ni kazi ya mwingine, na akitaka kuona chochote sharti atembee. Anayebaki nyumbani hana budi kujiwekea mipaka hiyo kwa mkono wake. Akishaiweka, anapata mambo ambayo msafiri huyakosa: kitanda alichokizoea, saa za mwili zisizovurugwa na safari, na siku mbili za kwenda na kurudi ambazo hazipotei njiani.

Mwaka 2007 wanasaikolojia Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walichapisha dodoso la kupima namna watu wanavyorudisha nguvu baada ya kazi. Walitaja mambo manne: kujitenga na kazi kwa mawazo, kutulia, kumudu jambo jipya nje ya kazi, na kuwa na uamuzi juu ya muda wako mwenyewe. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji tiketi. Ila yote manne huvunjika kwa urahisi sana ukiwa sebuleni kwako, na la kwanza ndilo huvunjika mapema zaidi.

Kuifunga kazi kabla ya kuondoka

Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliandika kwamba kazi iliyokatizwa katikati hukumbukwa zaidi kuliko iliyokamilika. Waliorudia majaribio yake hawakupata jibu lilelile kila mara. Lakini mwaka 2011 wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha jambo lenye manufaa zaidi kwa anayeenda likizo: kazi isiyokamilika huacha kumsumbua mtu akilini akishaiwekea mpango mahususi, hata kama hajaigusa. Maana yake, huhitaji kumaliza kila kitu kabla ya likizo. Unahitaji kuandika.

Siku ya mwisho kazini, tenga saa moja na nusu kwa ajili ya hilo tu. Kila jambo lililo wazi lipe mstari mmoja: ni nini, hatua inayofuata ni ipi, nani analishika ukiwa haupo, na tarehe utakayolirudia. "Kushughulikia ripoti" si mpango. "Jumanne baada ya likizo, saa tatu asubuhi, kulinganisha jedwali la pili na la tatu" ni mpango. Karatasi hiyo iache mezani kazini, usiende nayo nyumbani.

Halafu simu. Kuzima arifa peke yake hakutoshi, kwa sababu ile namba nyekundu juu ya programu hubaki inakuita. Ondoa kabisa akaunti ya barua pepe ya kazini kwenye simu. Kuirudisha ni dakika chache. Makundi ya kazi yanyamazishe na uyahamishie kwenye kumbukumbu ili yasionekane kwenye orodha. Kompyuta ya kazi iingie kwenye begi, begi liende juu ya kabati, na chaja ikae chumba kingine. Ni hila ya kitoto, lakini inafanya kazi, kwa kuwa mtu hufungua kompyuta kwa sababu iko mbele yake, mara chache kwa sababu anaihitaji.

Ujumbe wa kujibu moja kwa moja utaje nani ashike nafasi yako, na useme utarudi siku moja baada ya siku unayorudi kweli. Kama kazi yako hairuhusu kutoweka kabisa, acha mlango mmoja: mtu mmoja ambaye anaweza kukupigia simu. Apige, asiandike. Kuandika ujumbe hakumgharimu mtu chochote, ndiyo maana huja mia. Kupiga simu kunamlazimisha afikirie kwanza kama jambo lenyewe lina uzito.

Kazi za nyumbani zinahitaji ukuta kama huo. Zikiachwa huru hutawanyika siku nzima, dakika kumi hapa, ishirini pale, na hakuna saa inayobaki nzima. Zipe dirisha moja, dakika arobaini na tano hadi saa moja, asubuhi baada ya kula. Dirisha likifungwa, kilichobaki kinangoja kesho. Matengenezo makubwa, kama kupaka rangi au kupanga stoo, yaamuliwe mapema: ama ndiyo shughuli ya likizo na yapewe siku zake mbili, ama yasiguswe kabisa. Wanaoishi nawe waambie kabla, maana machoni pa wengi mtu aliye nyumbani ni mtu asiye na kazi, na kila aliyekuwa na jambo la kusaidiwa atakumbuka kuwa upo.

Maumivu ya kichwa ya siku ya kwanza

Watu wengi huumwa likizo inapoanza tu. Mwanasaikolojia wa Uholanzi Ad Vingerhoets alilichunguza jambo hili na kulipa jina la maradhi ya mapumziko. Sababu zake hazijakamilika kuelezwa, lakini moja iko wazi na inatibika: kafeini. Aliyezoea kunywa kahawa au chai kali saa moja na nusu asubuhi, kisha akalala hadi saa nne, ameusogeza mwili wake saa mbili na nusu mbele bila kafeini. Akiacha kabisa, kichwa huanza kuuma kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho, na huuma zaidi kati ya siku ya kwanza na ya pili. Kunywa kikombe cha kwanza karibu na saa yako ya kawaida. Unataka kupunguza? Punguza robo ya kiasi kila baada ya siku tatu au nne, na anza kabla ya likizo. Na kwa kuwa nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa tano, kikombe cha saa kumi alasiri bado kinakufanyia kazi saa tatu usiku.

Kuhusu usingizi, kosa la kawaida ni kulipa deni la miezi sita kwa siku tatu za kulala mpaka mchana. Saa ya mwili hurekebishwa na mwanga wa asubuhi. Ukiukosa, usiku unaofuata usingizi huchelewa, asubuhi yake unaamka umechelewa zaidi, na katikati ya wiki umejipeleka mwenyewe kwenye majira ya nchi nyingine. Ruhusa ya saa moja zaidi ya kawaida inatosha. Ukihitaji zaidi, lala mapema usiku, au pata usingizi mfupi wa mchana wa dakika 20, kabla ya saa tisa alasiri. Weka kengele. Usingizi wa dakika 50 au 60 humwamsha mtu akiwa kwenye usingizi mzito, naye huamka ana kichwa kizito na hasira kuliko alivyolala.

Kuoga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala husaidia kusinzia haraka, kwa sababu ambayo wengi hawaitarajii: damu hupanda kwenye ngozi ya mikono na miguu, joto hutoka, na sehemu ya ndani ya mwili hupoa. Mwili hulala unapopoa. Ndiyo sababu kuoga moto na kuingia kitandani papo hapo hakuleti faida ileile.

Kiasi gani cha mazoezi kinatosha?

Kidogo kuliko watu wanavyohofia, ila kiwe kikali. Hili ndilo jambo linalogeuzwa mara nyingi zaidi likizoni: mtu anaendelea kufanya muda uleule lakini kwa ulegevu, wakati mwili unataka kinyume chake. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, mtafiti wa Marekani Robert Hickson aliwafanyisha watu mazoezi dakika 40 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki kumi. Kisha akawapunguzia. Waliobaki na siku mbili tu kwa wiki, kwa ukali uleule, waliendelea kuwa na uwezo uleule wa kutumia oksijeni kwa wiki 15. Waliopunguziwa muda hadi dakika 13 kwa siku nao waliulinda. Waliopunguziwa ukali ndio walioshuka.

Kwa hiyo likizo si wakati wa kufuta mazoezi wala wa kujenga mwili mpya. Punguza siku, punguza dakika, ukali uache ulipo. Kwa aliyekuwa hafanyi mazoezi kabisa hesabu ni tofauti: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Mwongozo huo uliondoa sharti la zamani la kwamba mazoezi yahesabike tu yakizidi dakika kumi mfululizo. Dakika nne za ngazi nazo zinahesabika.

Kabla ya mazoezi yenyewe kuna hasara moja isiyoonekana. Siku ya kazi humtembeza mtu bila yeye kujua: kwenda kituoni, kupanda ngazi, kufuata chakula, kurudi. Yote hayo hufutika siku ya kwanza ya likizo, na mtu anayefanya mazoezi nusu saa lakini akakaa kitini saa kumi amesogea pungufu kuliko siku ya kawaida ofisini. Jaribu kutembea saa zilezile ulizokuwa ukienda na kurudi kazini, dakika 25 asubuhi na 25 jioni. Asubuhi unapata na ule mwanga. Mwendo wa wastani kwa watu wazima wengi ni kama hatua 100 kwa dakika. Hesabu hatua kwa sekunde 15, zikifika 25 uko sawa. Au tumia kipimo cha mazungumzo: unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Usihangaike na hatua 10,000. Idadi hiyo ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na jina la kifaa ndilo lililobeba namba hiyo, maabara haikuwamo.

Mazoezi ya nguvu sebuleni

Mara tatu kwa wiki, dakika 20 hadi 25, siku moja ya kupumzika katikati. Vifaa ni kiti imara kisichoteleza, meza nzito, begi la mgongoni na chupa za maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo chupa sita za lita moja na nusu ni kilo tisa. Jaza chupa pomoni, kwa kuwa maji yanayocheza ndani huvuta begi huku na huku, na ziba nafasi kwa nguo ili chupa zisigongane.

Dakika nne za kwanza ni za kupasha mwili: kutembea papo hapo ukiinua magoti, kuzungusha mabega, kuchuchumaa nusu, kupiga hatua ndefu mbele. Usianze kwa kunyoosha misuli na kuishikilia kwa muda mrefu. Ukiishikilia dakika nzima kabla ya kazi, nguvu yake hupungua kwa muda. Kunyoosha kwa namna hiyo kuache mwisho.

Zoezi la kwanza ni kuchuchumaa. Weka kiti nyuma yako, tenganisha miguu kwa upana wa mabega, vidole vielekee nje kidogo. Rudisha makalio nyuma, shuka kwa sekunde tatu mpaka uguse kiti kidogo, usikae, kisha inuka. Magoti yafuate upande wa vidole. Yakiingia ndani, mara nyingi misuli ya pembeni mwa nyonga imechoka au begi ni zito mno. Visigino vikiinuka, sababu huwa kifundo cha mguu kilichokakamaa. Weka kitabu chembamba chini ya visigino, au usishuke sana. Ikiwa mara 15 ni rahisi, vaa begi kifuani badala ya mgongoni. Uzito ukiwa mbele huufanya mgongo usimame wima wenyewe.

La pili ni pushapu, na hapa watu wengi huona haya bure. Anayeshindwa kuzifanya sakafuni hukimbilia kupiga magoti, akazoea umbo baya. Ni bora kupandisha mikono: ukutani kwanza, kisha ukingo wa meza, kisha kiti kilichoegemezwa ukutani, kisha sakafu. Chagua kimo kinachokuruhusu kufanya 8 hadi 12 safi. Viwiko visitanuke pembeni kabisa. Viache nyuzi kama 45 kutoka mbavuni, ndivyo bega linavyosalimika. Kaza makalio. Kiuno kikining'inia, mgongo wa chini ndio unaobeba, na kesho yake utajua.

La tatu ni kuvuta, ambalo karibu mazoezi yote ya nyumbani hulisahau kwa sababu haliji bila kifaa. Matokeo yake mtu husukuma wiki mbili, mabega yakavutwa mbele, na shingo ikaanza kuuma. Egemeza mkono mmoja kwenye kiti, inama mpaka mgongo ukaribie kulala sambamba na sakafu, shika begi kwa mkono wa pili, livute kuelekea nyonga, si kuelekea bega. Shikilia sekunde moja juu, shusha taratibu. Mara 10 hadi 12 kila upande. Kuna wanaovuta kwa taulo lililobanwa mlangoni. Kitasa kikilegea au mlango ukifunguka mtu huanguka chali kichwa kikitangulia, kwa hiyo begi ni salama zaidi.

Malizia kwa kulala chali, magoti yamekunjwa, kuinua nyonga mara 12 hadi 15, kisha planki, yaani kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, ya sekunde 20 hadi 40. Planki ya dakika tatu haikupi kitu zaidi ya majivuno. Ukifika sekunde 40 bila kiuno kushuka, inua mguu mmoja.

Hiyo ni raundi moja. Fanya tatu, pumzika sekunde 60 hadi 90 kati yake, na kila zoezi liache ukiwa bado ungeweza kuongeza marudio mawili hivi. Pumua: toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. Kuzuia pumzi wakati wa kukaza hupandisha shinikizo la damu ghafla, na mwenye shinikizo la juu au ugonjwa wa moyo azungumze na daktari kabla ya kubeba uzito. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi isiyorudi baada ya kupumzika ni ishara ya kuacha na kutafuta msaada wa tiba mara moja.

Misuli kuuma kesho yake na keshokutwa ni kawaida. Maumivu hayo hufika kilele kati ya saa 24 na 72, na chanzo chake kikubwa ni misuli kufanya kazi huku ikirefuka, kama paja linapokushusha. Ndiyo maana kushuka ngazi huumiza kuliko kuzipanda, ingawa kupanda ndiko kunakokuacha unahema. Asiyezoea asianze likizo kwa ngazi dakika 20. Aanze kwa dakika sita, apande kwa kasi na kushuka polepole ameshika ukuta au reli.

Kwa moyo na mapafu, ngazi ni moja, kamba ni ya pili. Kamba ipimwe: ikanyage katikati, mishikio ifike kwapani. Ruka sentimita mbili au tatu tu, ukitua kwa nyayo za mbele, mikono karibu na kiuno, mzunguko utoke kwenye viganja. Sekunde 30 kuruka, 30 kupumzika, mara kumi. Anayeruka juu sana kwenye saruji huumia mfupa wa mbele wa mguu kabla wiki haijaisha. Viatu vaa.

Kuna na yale mazoezi ya dakika nne yanayojulikana kwa jina la Izumi Tabata, mtafiti wa Japani aliyechapisha matokeo yake mwaka 1996: sekunde 20 za kazi, 10 za kupumzika, kwa raundi saba au nane. Walioshiriki walikuwa vijana wenye mazoezi, wakiendesha baiskeli ya maabara kwa ukali wa asilimia 170 ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni, mpaka wakaishiwa kabisa. Kurukaruka sebuleni kwa mpangilio huo wa sekunde ni zoezi zuri, lakini asikudanganye mtu kwamba ni kitu kilekile.

Kutulia nako kuna ufundi

Kukaa mbele ya skrini si kupumzika kwa maana anayoihitaji aliyechoka kwa skrini. Filamu moja iliyochaguliwa mapema haina ubaya. Kuteleza kidole kwenye simu kwa saa mbili ni jambo jingine: hakuna mwanzo wala mwisho, na shingo imeinama muda wote. Iache simu ichajiwe chumba tofauti na unachokaa, sauti ya simu zinazoingia ikiwa wazi. Atakayekuhitaji kweli atapiga.

Njia mbili za kuutuliza mwili ziko karibu na kila mtu. Ya kwanza ni kupumua polepole, mara sita kwa dakika: vuta kwa puani sekunde nne, toa sekunde sita, kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mapigo ya moyo kupitia neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo. Kosa hapa ni kuvuta kwa nguvu. Ukipumua kwa kina kupita mahitaji, kaboni dioksidi hupungua kwenye damu, vidole vinaanza kufa ganzi na kichwa kinaelea, na mtu anadhani njia hii haimfai. Vuta kidogo, kama kawaida, ila polepole.

Ya pili ilibuniwa na daktari wa Marekani Edmund Jacobson mwanzoni mwa karne ya 20: kukaza na kulegeza misuli, kundi baada ya kundi. Lala chali. Kunja ngumi kwa sekunde tano hadi saba, legeza kwa sekunde 20 au 30, usikilize tofauti. Endelea na mikono ya juu, paji la uso, taya, mabega, tumbo, mapaja, mashavu ya miguu. Kaza kama theluthi mbili tu ya nguvu zako, hasa kwenye miguu, ambako msuli hukakamaa na kuuma ghafla ukizidisha. Mzunguko mzima huchukua kama dakika 15. Siku za mwanzo watu husema hawakuhisi chochote. Kwa kawaida tofauti huanza kuonekana baada ya kurudia siku kadhaa, na taya ndiyo hushangaza wengi, kwa kuwa hawakujua kama wameibana.

Chakula nitakipitia haraka. Jiko likiwa hatua kumi kutoka kitini, mtu hali zaidi kwenye mlo, hula zaidi kati ya milo. Shika saa za milo, kula mezani, na kila mlo uwe na kitu chenye protini ya kutosha, gramu 20 hadi 30, maana ndiyo hushibisha kwa muda mrefu na kulinda misuli unayoifanyia kazi.

Jambo la kumudu, lile la tatu katika orodha ya Sonnentag na Fritz, ndilo linalosahauliwa kabisa na wanaobaki nyumbani. Chagua moja, dogo, lenye mwisho: kucheza wimbo mmoja kwa ala, kushona mfuko, kuogelea mita 25 bila kusimama. Dakika 40 kwa siku. Liwe mbali na kazi yako. Anayeandika kazini asijifunze kuandika vizuri zaidi. Na kila siku ya tatu toka mahali usipokwenda kwa kawaida, kwa miguu ikiwezekana, saa ambazo siku za kazi huwezi: soko likifunguliwa, bustani ya umma saa nne asubuhi. Safari hiyo ipangwe jana yake, na muda wa kutoka utajwe, la sivyo kitanda kitashinda.

Siku mbili za mwisho

Tafiti za likizo, zikiwamo za mtafiti Jessica de Bloom na wenzake, zimeonyesha mara nyingi kwamba nafuu ya likizo hufifia ndani ya wiki moja au mbili za kurudi kazini. Haimaanishi likizo ni bure, bali kwamba inafaa kugawanywa: siku tano mara mbili kwa mwaka huweza kukufaa kuliko kumi kwa pamoja, na likizo ya nyumbani ndiyo rahisi zaidi kugawanya kwa sababu haina gharama ya nauli kila mara.

Siku mbili kabla ya kurudi, rudisha saa ya kuamka kwa dakika 30 kila asubuhi. Zoezi la mwisho la miguu lifanye siku tatu kabla, usije ukashuka ngazi za ofisini ukichechemea. Nguo na begi viandae jioni ya kuamkia siku ya mwisho, ili siku yenyewe ibaki likizo. Ukiweza kuchagua, rudi kazini siku ya Jumatano au Alhamisi. Wikendi iko karibu na wiki ya kwanza inakuwa fupi.

Asubuhi ya kwanza isiwe na kikao. Anza na ile karatasi uliyoiacha mezani kabla ya kufungua barua pepe, maana barua pepe ni orodha ya mahitaji ya watu wengine. Ukizifungua, zipange kwa mada, si kwa tarehe, na katika kila mada soma ujumbe wa mwisho kwanza. Mazungumzo yenye ujumbe ishirini mara nyingi yamekwisha kujimaliza yenyewe ulipokuwa umelala mchana.